Nane ya Kemia

"Usinyamaze, mama Mapendo. Nihadithie tena ile arusi."

Jua la mchana limesimama juu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na Orpa Mulenda anakanyaga baiskeli kwa nguvu zake zote. Nyuma ameunganisha tela yenye machela na kipaa cha turubai. Juu ya machela amelala Mapendo, mjamzito aliyeanza kutokwa na damu akiwa gengeni kwake. Vichochoro vya huku havipitishi gari, kwa hiyo baiskeli ndiyo ambulensi.

Mapendo anasimulia arusi ya dada yake kule Uvira, kwa sauti ya kukatikakatika. Anapofika kwenye mahari, kimya. Orpa anashuka papo hapo, anamshika mkono kupima mapigo, anamgeuza alalie ubavu wa kushoto, anambembeleza mpaka aseme tena. Ndipo safari inaendelea.

"Mi naangalia njia, siwezi kumuona mugonjwa," anaeleza baadaye mbele ya kituo cha afya, akijifuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Njo maana nabaambiaka basimulie. Sauti ikikatika, nasimama."

Ndani, wakunga wamempokea Mapendo, na mmoja anachungulia kusema kwamba mtoto bado anacheza tumboni. Siku nyingine Orpa haambiwi chochote. Anaacha mgonjwa mlangoni, anageuza tela, anarudi zake.

Ana miaka ishirini na minne. Alifika Malawi akiwa mtoto, akitokea Fizi, mashariki mwa Kongo, na mama yake Véronique, mshonaji. Posho yake ya kujitolea ni kama kwacha elfu thelathini kwa mwezi, na mwezi hauna huruma. Anachokitaka Orpa si posho kubwa zaidi. Anataka shahada ya tiba ya dharura, awe mmoja wa wale wanaokaa nyuma ya ambulensi na mgonjwa, mkono juu ya mshipa, mpaka hospitali.

Kati yake na ndoto hiyo imekaa kemia.

Msomaji asiyejua mambo ya Malawi aelezwe kidogo. Katika mtihani wa kidato cha nne huku, alama ya juu kabisa ni moja. Tisa ni kufeli. Mzazi aliyesoma Kongo, ambako alama zikiwa nyingi ndiyo sifa, ana haki ya kupotea.

Na Véronique alipotea vizuri. Matokeo yalipotoka, miaka mitatu iliyopita, Orpa alimsomea kwa sauti: Kiingereza tatu, biolojia nne, hisabati sita, kemia nane. Mama akampa pole kwa ile tatu ya Kiingereza. Kwa ile nane alichinja kuku, akaita majirani, na Jumapili akasimama kanisani kumshukuru Mungu aliyempa binti yake kichwa cha kemia.

Orpa alikula kuku yule na kunyamaza.

"Maman hakuwa ameshacheka tangu tulimuzika papa," anasema. "Nikasema nitamuambia kesho. Ile kesho haikufika."

Ilifika mwaka huu, mjini Lilongwe, chuo kimoja kilipotangaza shahada hiyo. Orpa aliomba ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuuliza masharti. Véronique hakuambilika. Alishona kitenge kipya, akajipaka mafuta, akafuatana naye.

Afisa wa udahili, mwanamke mpole, aliwapa viti. Alieleza kwamba wanataka watu wenye mwili wa kubeba machela, na kwamba waliowahi kuhudumia wagonjwa wanapendelewa. Leseni ya kuendesha gari itafutwe kabla ya mwaka wa pili. Moyo wa Orpa ukaanza kuchangamka. Kisha yakaja masomo: Kiingereza, biolojia, hisabati na kemia, kila moja sita au pungufu ya hapo.

Véronique, ambaye Kichewa chake kinaishia kwenye zikomo, yaani asante, alimvuta binti yake mkono. "Muambie ile nane."

Orpa akaitaja kwa Kiingereza. Afisa akatikisa kichwa kwa huruma na kumshauri arudie mtihani.

"Anasema nini?"

"Anasema nane haifai, maman."

"Haifai? Sasa banataka ngapi? Tisa?"

Ikabidi aeleze yote pale pale, mbele ya mgeni. Véronique alisikiliza hadi mwisho, akamwambia afisa zikomo, akatoka nje na kitenge chake kipya.

"Nilisikia haya sana," anakiri leo, mguu ukiwa juu ya cherehani. "Si sababu ya ile kemia. Mutoto wangu alibeba ile mambo yeye peke yake, na mi niko nacheza."

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani, bila kutumwa na mtu. Akawaambia waumini kwamba nane aliyowashukurisha ilikuwa mbaya. "Kuku mulikula, sibadai," alisema. "Munisaidie tu maombi tena." Watu walicheka mpaka mchungaji akacheka, kisha wakaomba.

Jioni yake alibisha hodi Ambroise, fundi wa simu, ambaye zamani alifundisha kemia Uvira. Tangu hapo, kazi ikiisha, yeye na Orpa hukaa uani na siki, majivu na maji ya choya yanayobadilika rangi, kwa kuwa maabara hawana. Ambroise anaijua kemia kwa Kifaransa na mtihani uko kwa Kiingereza, hivyo hubishana sana. Malipo hataki. Véronique anamshonea mashati.

Mtihani ni katikati ya mwaka. Orpa haringi, wala hafichi kwamba anaogopa.

"Nikipata sita, siku ileile narudia kwa yule mama wa chuo," anasema. "Nikikosa, nafanya tena. Nimechoka kuacha mugonjwa kwa mulango, sijui alipona ao alikufa."

Mama yake naye amebadili maombi. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, anafumba macho na kumwomba Mungu jambo ambalo mama wa Fizi hakuwahi kufikiri ataliombea mtoto wake.

"Umupe kidogo, Baba," anasema. "Umupe kidogo tu."