Mbegu Zilizoandikwa kwa Rangi Nyekundu

Valentino alipofariki, mwishoni mwa Februari, dada yake Rhoda alirithi kompyuta moja, chumba cha kupanga karibu na stendi ya Korogwe, na tovuti kumi na moja za watu. Hakuziomba. Wenyewe walipiga simu wakatoa pole, kisha wakauliza ni nani sasa atakayekuwa akiwawekea matangazo. Rhoda akajibu, "Mimi." Kazi aliijua. Miaka mitatu walikuwa wamekaa meza moja, yeye akipanga picha na maandishi, kaka yake akiandika msimbo wenyewe, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Majirani wa mtaa wao wa Masuguru walimsifu kwa ujasiri. Msibani alisimamia jiko, alipokea wageni kutoka Njombe, alikotoka babu yao zamani kuja kukata mkonge, na pikipiki ya kaka yake iliyogongwa alikwenda kuitambua yeye. Hakulia. Mwanzoni alidhani machozi yanasubiri shughuli ziishe. Shughuli ziliisha, arobaini ikapita, machozi hayakuja. Alikula, akalala, akaamka, akafungua ofisi. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: anajua ni wake, lakini akiugusa hausikii.

Mwezi wa sita alipigiwa simu na Bi Chausiku Jabiri, mwenyekiti wa umoja wa wakulima wa mahindi kule Handeni, mmoja wa wale wenye tovuti kumi na moja.

"Rhoda mwanangu, hujambo? Mama anaendeleaje?"

"Sijambo, shikamoo mama. Anaendelea vizuri."

"Marahaba. Kuna jambo, na si la kwenye simu. Panda gari uje."

Alipofika Handeni, Bi Chausiku alifunga mlango wa ofisi ndipo akaeleza. Kabla ya masika umoja uligawa mbegu kwa wanachama. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya mifuko ina mbegu zisizoota. Valentino akaagizwa aweke orodha ya namba za mifuko kwenye tovuti. Akaiweka siku ile ile: namba zote kumi na nne, mbovu akazipaka rangi, na juu yake mstari mmoja, "Mbegu zilizoandikwa kwa rangi nyekundu zisipandwe." Wanachama wakatumiwa ujumbe, wakafungua simu zao, wakaona.

"Wote wameona isipokuwa Mwalimu Hiza wa Mazingara," alisema Bi Chausiku. "Haoni, mwanangu. Mwaka wa sita huu, presha ya macho. Simu yake ndiyo inamsomea. Amepanda ekari mbili na nusu, haikuota hata mbegu moja."

"Anadai nini?"

"Hadai kitu. Ndiyo maana nimekuita. Angedai, ningejua la kufanya."

Walikwenda Mazingara pamoja. Mwalimu Hiza aliwapokea barazani, kanzu yake imepigwa pasi, simu ikiwa mapajani. Mkewe, Mwantumu, alikuwa akigeuza makopa ya muhogo kwenye mkeka.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Rhoda.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi. Ila lile tangazo aliliandika kaka yangu."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

Bi Chausiku akainamisha uso. "Ni marehemu," Rhoda alisema. Tangu Februari alikuwa akisema "Valentino hayupo", kama mtu aliyetoka kidogo. Neno hili lilimtoka bila kukwama popote, akashangaa lilivyo jepesi.

"Innalillahi," alisema Mwalimu Hiza. Kisha akaishika simu. "Basi sikiliza wewe. Nisije nikawa nakuonea."

Akapitisha kidole kwenye kioo. Simu ikasoma kwa Kiswahili cha mgeni, ikivunja maneno pasipostahili. Mia moja na mbili. Mia moja na tatu. Mia moja na nne. Mia moja na tano. Akasimamisha.

"Mia moja na nne ndiyo niliyopanda. Nilisikiliza mara tatu kabla ya kushika jembe. Sasa na wewe nisikilizie. Wekundu wake uko wapi?"

Akarudia. Sauti ilikuwa ile ile kwa kila namba, haikupanda wala kushuka.

"Haupo, mwalimu," alisema Rhoda.

"Mstari wa juu niliusikia. Nikasema, huenda simu ikifika penye nyekundu itabadili sauti. Haikubadili. Nikajua mfuko wangu ni mzima."

"Nilikuwa Korogwe kwa binti yetu, amejifungua," Mwantumu alisema bila kuinua kichwa. "Ningekuwepo ningemsomea. Lakini naye kusomewa hataki."

"Nimesomesha watu miaka thelathini," alisema mumewe. "Nisomewe kama barua ya posa?" Akaigeukia tena simu. "Jambo la pili, mwanangu. Kurasa nyingine nikigusa hivi, simu inanirusha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kama mtu anayefungua kitabu kwa sura. Wa kwenu hauna sura. Mpaka nifike kwenye ratiba ya mvua nimeshasikia majina ya viongozi wote, namba zote za ofisi, na 'picha, picha, picha', bila kuambiwa ni picha ya nini."

Bi Chausiku aliahidi mbegu mpya kwa ajili ya vuli. Rhoda akaomba radhi, kwa niaba ya kaka yake na kwa niaba yake mwenyewe. Alipomaliza alisubiri kidogo ndani ya nafsi yake, aone kama kuna mahali patauma. Hapakuuma.

Kesho yake aliufungua ule ukurasa, na safari hii akautazama upande wa ndani, ambao msomaji wa kawaida haufikii. Ukurasa una mafaili mawili. Moja limebeba maneno, jingine limebeba maagizo ya mwonekano: rangi, ukubwa, nafasi. Yanaunganishwa na majina. Unalipatia fungu la maneno jina, halafu kwenye faili la pili unasema kila chenye jina hilo kionekane hivi. Valentino alivipa vitu majina kwa jinsi vinavyoonekana. Kulikuwa na "nyekundu", na "kulia", na "kubwa", kisha "kubwa2", kisha "kubwa2_mpya", na mwisho "kubwa2_mpya_kweli". Vichwa vya habari havikuwa vichwa. Yalikuwa maneno ya kawaida yaliyonenepeshwa, jicho likadanganyika, lakini simu ya Mwalimu Hiza haina jicho.

Halafu akaona jingine. Mwezi wa nne Bi Chausiku alikuwa amelalamika kwamba ile nyekundu inatisha, akaomba rangi ya chungwa. Rhoda ndiye aliyebadili, kwa mkono wake, dakika moja, akaendelea na mengine. Kwa hiyo tangu Aprili kilichoitwa "nyekundu" kilikuwa cha chungwa, na mstari wa juu bado ulisema nyekundu. Hata mwenye macho mazima angepotea. Hakuweza tena kumsukumia kaka yake lawama yote.

Alifanya kazi siku tano. Majina ya mwonekano akayaondoa, akaweka majina ya kazi: "onyo", "ratiba-ya-mvua", "mfuko-uliozuiwa". Mbele ya kila namba mbovu akaandika neno "Usipande", ili rangi ibaki kuwa pambo tu. Vichwa akavifanya vichwa vya kweli, orodha ikawa orodha, kila picha akaieleza. Alipofika kwenye "kubwa2_mpya_kweli" mkono ulisimama. Siku jina lile lilipoandikwa alikuwepo. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hawasikilizani, na Valentino alipiga kelele, "Hii sasa ndiyo ya kweli, dada!" Rhoda aliyatazama yale maneno kwa muda, akisubiri. Kisha akayafuta.

Siku ya kuuweka ukurasa mpya hewani alipandisha faili la maneno, faili la mwonekano akalisahau. Asubuhi simu ikaita.

"Rhoda! Tovuti imevuliwa nguo!" alilia Bi Chausiku. "Maandishi meusi matupu, yamejipanga kushoto kama mchwa!"

Akiwa bado analitafuta faili, simu ya pili ikaingia. Alikuwa Mwalimu Hiza.

"Mwanangu, leo nimeisikia! Kichwa: Mvua. Kichwa: Mbegu. Orodha, vitu kumi na vinne. Mia moja na nne, usipande. Nimerukaruka humo kama kijana. Usiiguse tena, iache hivyo hivyo."

"Mwalimu, imeharibika. Haina rangi, haina mpangilio, iko uchi."

"Wapi? Mimi naiona nzima."

Rhoda alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotokea puani, akajishtukia mwenyewe kama aliyepiga chafya kanisani. Kikaisha. Akalipandisha lile faili, rangi zikarudi, Bi Chausiku akatulia.

Zilibaki tovuti kumi, zote zimeandikwa vile vile. Akaanza kuwapigia wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Baadhi walimwambia hakuna kipofu aliyewahi kulalamika. Aliwajibu, "Atalalamikaje, na mlangoni hawezi kupita?"

Jioni moja mama yake, aliyekuwa uani akichambua kunde, alimuuliza, "Nasikia unaifuta kazi ya mwenzio."

"Siifuti, mama. Nabadilisha majina."

"Yote?"

"Yale yanayodanganya."

Mama aliendelea kuchambua. "Na jina lake mwenyewe?"

Chini ya kila ukurasa Valentino alikuwa ameandika kwamba umetengenezwa naye, na namba ya simu ambayo sasa haikuwa ikipatikana. Namba Rhoda alikuwa ameiondoa. "Jina lipo," alisema. Mama akamsogezea ungo, wakachambua pamoja.

Mvua za vuli zilichelewa, kisha zikanyesha. Mwalimu Hiza alipiga simu kusema mahindi yameota, si yote, ila ya kutosha kumfanya mtu aamke mapema. Alikuwa amepita shambani akiyagusa kwa vidole, mstari kwa mstari.

"Nashukuru kusikia, mwalimu," alisema Rhoda. Alikuwa hajalia bado. Alikata simu, akairudia tovuti ya sita.