Hakuna Kifungo cha Kuzika

Candide Nizigama alikuwa mwanamke wa hasira, na hasira yake ilikuwa na wateja. Watu wa mtaa wa Kimanga, pale Uvira, waliacha shughuli zao kwenda kumsikiliza akiusema vibaya mchezo wa televisheni. Alikuwa na salle ya jeux, nyumba ya kuchezea michezo hiyo: chumba kimoja chenye dirisha upande wa ziwa, mabenchi aliyoyapata kwa kanisa lililohama, na konsoli kuukuu zilizovuka mpaka kutoka Bujumbura zikiwa zimeviringishwa kwenye shuka. Wenye salle wengine mjini husifu kila walicho nacho, kama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, asiyekubali kwamba ndagala zake zina mchanga. Candide alikaa mlangoni na kumwambia mteja, kabla hajakanyaga ndani, kwamba mchezo anaoutaka ni takataka.

Na sababu alikuwa nazo. Mchezo wa mpira, alisema, umetengenezwa na watu wasioupenda mpira: jasho wamelichora tone kwa tone, nyasi unaweza kuzihesabu, lakini tafuta humo timu moja ya Uvira uione. Halafu refa wake hakosei. Mpira ambao refa hakosei, watu wakirudi nyumbani watabishana nini? Wa magari ulimkera zaidi. Gari linagonga ukuta, dereva hashuki kugombana na mtu, na barabara nzima hakuna mama hata mmoja anayeuza ndizi. Wa ngumi aliuvumilia, ila wanawake wake hupigana wakiwa nusu uchi, na alipoelezwa kwamba huo ndio ufundi, alijibu kwamba fundi huyo aanze kumvua mama yake kwanza. Wa shamba ulimchekesha kwa uchungu, kwa sababu ng'ombe wake walitoa maziwa mwaka mzima na ndama haonekani.

Kuhusu wa vita hakufanya utani. Aliuwasha asubuhi moja, akautazama, akautoa, akautupa. Mji uliteketezwa toka mwanzo hadi mwisho, na hakuonekana mtu yeyote akikimbia na godoro kichwani. Aliwauliza vijana waliokuwa wameuleta ni vita gani hiyo isiyo na godoro. Hakuna mtu wa bonde la Ruzizi asiyelijua godoro hilo.

Tena alikuwa na sheria yake moja. Mchezo unaokataa kuhifadhi safari yako mpaka ufike mahali unapopataka wenyewe, katika mji ambao umeme hukatika bila hodi, huo ni mchezo wa mwizi. Wengi walidhani anatania. Hakuwa anatania, na aliyebisha alitolewa nje.

Alizaliwa Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga, binti wa mwisho wa mama mmoja aliyeitwa Spès. Kifaransa alikipata kwa masista wa Luberizi, ambao walimpiga kwa kusoma kwa sauti kana kwamba yuko jukwaani. Aliolewa Uvira, mumewe akaenda Kalemie kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Candide husema kwamba katika maisha yake yule bwana alifanya jambo moja jema, nalo ni kuondoka. Kwa hasira hiyohiyo alifungua salle, kwa sababu ndugu wa mume walimwambia kwamba mambo ya mashine ni ya wanaume.

Lakini kilichowajaza watu kwenye mabenchi yake ni kile alichokifanya mchana, joto linapokuwa kali na biashara zimelala. Kuna michezo yenye hadithi ndefu, ambamo watu huongea kama katika filamu, na maneno yote ni ya Kifaransa. Mchezaji mmoja alishika maneti, kile kidude cha vifungo, na Candide alisimama kando ya televisheni akigeuza kila neno kuwa Kiswahili cha Uvira, akiigiza sauti zote: mfalme, mlevi, mchawi. Ishimwe, dereva wa pikipiki, ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote, kwa hiyo maneti ilikuwa yake. Noella, msusi wa jirani, alikuja na vichwa vya wateja wake vikiwa nusu vimesukwa. Walikaa wavuvi, walikaa wauza vocha, na hakuna aliyelipa isipokuwa Ishimwe.

Mchezo uliozusha haya yote ulikuwa wa aina hiyo. Kijana na mama yake wanakimbia nchi iliyoharibika, wanapanda milima, kwenda kutafuta upanga utakaorudisha amani. Candide aliusifu, jambo lililowashangaza watu, ingawa alilalamika kwamba huyo mama halali, hali, wala haumwi miguu. Hata hivyo alimpenda. Maneno ya mama huyo yalikuwa machache na makavu, na Candide, badala ya kuyageuza tu, aliyanenepesha. Alimpa mizaha ya Bwegera, alimpa kukohoa, alimfanya amwite mwanawe *mwana wanje*, kama mama yeyote wa bondeni anayeongea Kirundi. Watu wa salle walijua sauti ile ilitoka kwa nani. Spès alikuwa amefariki msimu ambao barabara ya bondeni ilifungwa kwa mapigano, na Candide alipofika Bwegera alikuta majani yameshaota juu ya kaburi. Tangu siku hiyo hakulia. Alikasirika tu, akaendelea kukasirika.

Basi mchana mmoja, katika njia nyembamba ya mlimani, ukuta kulia na korongo kushoto, mama yule alichomwa mshale. Kwenye ekra ya televisheni alisema neno moja tu, kwamba mwanawe aende. Candide hakuweza kuliacha hivyo. Alimfanya aombe maji, amwulize mwanawe kama amekula, amwagize asalimie watu wote wa nyumbani kwa majina, kisha ndipo akamwacha afe. Noella alipiga yowe. Wanawake wakamfuata, na wanaume wakatazama chini.

Ishimwe akauliza sasa wanamzika wapi. Alibonyeza kila kifungo. Kijana alipiga hewa kwa fimbo, alikula tufaha, alirukaruka papo hapo kama mwendawazimu. Alijaribu kurudi nyuma, na njia ilikuwa imezibwa na mawe. Mbele pia kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita pale alipolala mama, aliyeiziba yote kwa mwili wake. Chini ya ekra yalitokea maandishi, na Candide alikawia kuyasoma. Yalisema: bonyeza hapa kuruka.

Ishimwe aliweka maneti chini kana kwamba ina moto. Mvuvi mmoja akaiokota, akaitazama, akampa mwenzake, na mwenzake akampa mwingine, mpaka ikarudi ilikotoka. Hakuna aliyekubali kumruka maiti, tena maiti wa mzazi. Umeme ulipokatika na kurudi, walikuta mchezo, kwa ubaya wake, umejihifadhi papo hapo. Mama alikuwa angali amelala njiani. Basi wakafanya kile wanachokijua. Wanawake walikaa chini sakafuni, wanaume wakatoka nje na kukaa kimya, na kilio kikaanza upya.

Mama Eliane, anayeanika ndagala ng'ambo ya barabara, alisikia. Alijua Candide ana shangazi mgonjwa. Aliacha ndagala zake juani, akachota unga, akajifunga kitenge, akavuka barabara akilia kwa sauti kama jirani mwema anavyopaswa. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akamtafuta marehemu kwa macho. Alimkuta ndani ya televisheni.

Hapo hasira iligeuka upande, na Mama Eliane alikuwa na haki yake. Amezika watoto wawili. Kwao, na kwa Candide pia, kulia kilio mahali pasipo na maiti ni kukiita kifo kije kutafuta maiti huyo. Hakutukana. Alichukua unga wake, akavaa viatu vyake, akaenda moja kwa moja kwa shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa wao, Bwana Sylvestre, kuomba salle ifungwe.

Mkutano ulifanyika uani kwa shefu, na nusu ya Kimanga ilifika. Sylvestre ni mtu wa haraka, apendaye mambo yaishe kabla chakula hakijapoa. Alianza na methali, kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, kisha akampa Mama Eliane nafasi.

“Minye nimezika,” alisema Mama Eliane. “Kilio haiko kitu ya kuchezea. Hawa balinilizisha bule.”

Akaketi. Hakuwa na zaidi, wala hakuhitaji zaidi. Wazee wa avenyi walitikisa vichwa, na mmoja akapendekeza konsoli zichukuliwe siku hiyohiyo. Shefu, ambaye kusema kweli hakutaka ugomvi na salle iliyojaa wapiga kelele, alimtafutia Candide mlango wa kutokea. Alimwambia asimame mbele ya watu wote, aombe radhi, na aseme kwa kinywa chake kwamba kile walichokililia kilikuwa jeu tu, mchezo basi. Akisema hivyo, kesho afungue. Akikataa, leo anafunga.

Ishimwe alimvuta sketi kwa nyuma. Noella alimnong'oneza aseme tu, maneno hayana mfupa. Candide alisimama. Alimgeukia kwanza Mama Eliane, akamwomba radhi kwa yowe, kwa unga, na kwa machozi yake, na ilionekana wazi kwamba radhi hiyo ilitoka moyoni. Kisha akamgeukia shefu, na sura ikabadilika.

“Ile ingine siwezi kusema,” alisema. “Wenye balitengeneza ile jeu baliweka kifungo ya kupiga, kifungo ya kula, kifungo ya kuiba mu nyumba ya bantu. Ya kuzika habakuweka. Balimulaza mama mu njia, kisha banatuambia: mumuruke. Minye nimekasirika, shefu. Kama iko jeu tu, mbona hakuna mutu mwenye aliweza?”

Shefu aliudhika. Alikuwa amempa mtu mlango, na mtu amepiga ukuta teke. Alisema kwamba huu ni utoto, kwamba watu wazima wameshindwa na kifungo, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kubonyeza hicho kifungo mbele ya watu wote, hadithi iendelee, upanga upatikane, na salle ifungwe kwa amani. Akaondoka kwa hatua ndefu, na Kimanga yote nyuma yake. Mama Eliane alifuata pia, ili aione haki ikitendeka.

Candide aliwasha mashine. Mlima ulitokea, njia ikatokea, na mama alikuwa palepale, kitambaa chake cha kichwani kimeteleza. Kijana alisimama mbele yake akipumua. Maandishi yakatokea chini. Shefu alichukua maneti, akaishika juu chini, Ishimwe akamgeuzia. Akauliza kifungo ni kipi. Akaonyeshwa. Akaweka kidole gumba juu yake.

Watu walijaa mpaka dirishani. Wengine walijiziba macho. Candide alimtazama shefu usoni, si kwa kumwomba, bali kwa ghadhabu ileile aliyokuwa nayo tangu Bwegera, na safari hii hakuwa akiukasirikia mchezo. Alikuwa anamwona mtu wa kwanza atakayemruka. Kijana wa kwenye ekra alikuwa akipumua. Kidole cha Sylvestre kilikuwa juu ya kifungo, na shefu, mtu wa haraka, alianza kutokwa jasho juu ya mdomo.

“Ana jina?” aliuliza.

Candide alisema hapana, waliotengeneza mchezo hawakumpa.

Shefu alikohoa. Alijiweka sawa kwenye benchi, akakaza kidole, akamtazama tena yule mwanamke aliyelala njiani. Kisha akainama, akaiweka maneti sakafuni taratibu, akavua kofia. Akaamuru mashine izimwe.

“Kuzima haiko kuzika,” Candide alimjibu.

Habari ya kufunga salle hakuna aliyeitaja tena, wala siku hiyo wala baadaye. Watu walisimama kama wasiojua waende wapi, mashine ikiwa bado inawaka. Ndipo Mama Eliane akawapenya kutoka mlangoni, akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya televisheni, akajifunika kitenge kichwani. Alianza kulia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu anayejua kazi hiyo. Candide aliendelea kusimama muda, mikono kiunoni, akiwa bado na matusi ya kuwatukana watu wa mbali waliosahau kifungo. Matusi hayakutoka. Akakaa chini karibu na Mama Eliane, akamwekea kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza tangu alipoyakuta yale majani juu ya kaburi, akalia.