Ana Kwao Ndalu

Dada yangu mkubwa ameishi Pwani miaka mingi kuliko aliyoishi kwetu Ndalu. Alienda akiwa ameolewa, sasa ni mjane, na nyumba yake ya vyumba viwili iko bondeni kabisa, karibu na ufuo. Zamani bahari ikijaa sana, maji ya chumvi yalifika mlangoni. Siku hizi yanafika jikoni. Ameinua jiko juu ya matofali na haniambii tena ni mara ngapi.

Mwaka jana watu wa mipango ya mji waliwaita yeye na majirani mkutanoni. Walitundika ramani yenye mstari, wakaeleza kwamba chini ya mstari huo bahari itachukua, kwa hiyo watu wahame mapema. Wasio na pa kwenda watajengewa nyumba mlimani. Wenye kwao watapewa lori la kubeba vyombo. Kila mtu akajaza fomu. Palipoulizwa kwao ni wapi, dada akaandika Ndalu, kama anavyoandika kwenye kila fomu, na ndugu wa kuthibitisha akaniandika mimi.

Hayo aliniambia baadaye. Mimi simu ilinikuta Moi's Bridge, kwenye ghala ninakopima unyevu wa mahindi. Nikatoka nje kukimbia kelele za mashine. Alikuwa msichana wa ofisi ile ya mipango, mwenye adabu, na Kiswahili kile cha Pwani ambacho ukikisikia unaona chako umekichonga kwa panga.

"Nathibitisha tu, kaka. Huyu mama ana kwao huko bara?"

Ningesema nini? Kwetu, kumwambia mgeni kwamba mtoto wenu hana kwao ni sawa na kumfukuza mbele ya watu. Hata mlevi aliyeuza shamba lote ana kwao. Nikajibu haraka, tena kwa kujivuna, "Ako na kwao, Ndalu. Hata akikuja leo atapokelewa."

Akashukuru, akakata. Nikarudi kwenye mahindi nikijiona nimemheshimisha dada yangu. Mjinga mimi.

Orodha zilipobandikwa, dada hakuwa kwenye ile ya nyumba. Alinipigia, na hata hakugomba. "Wewe bana, si ungeniuliza kwanza? Mimi nilikuwa nataka hiyo nyumba."

Shamba la baba tuligawana sisi wanaume wawili. Dada alikuwa ameshaolewa, hakuna aliyemtaja, hata mimi sikumtaja. Fungu langu niliuza nikanunua kiwanja Kitale, karibu na Kipsongo, tunakolala watu saba katika vyumba viwili. Watu wa marehemu mume wake, kule Bungoma, waliacha kumjua siku ya matanga kwa sababu hakuzaa.

Jumapili nikaenda Ndalu kwa mdogo wetu. Si mtu mbaya, alinichinjia kuku. Tulipomaliza kula nikamweleza. Akanitoa nje.

"Angalia mwenyewe. Mahindi mpaka mlangoni, na vijana wangu wawili wanataka kujenga. Nitamweka wapi?" Akatembea hadi kwenye ua, nyuma ya ghala lake, akapima hatua chache kwa miguu. "Lakini akikufa tutamzika hapa. Hiyo sikatai, hata wazee wakisema aliyeolewa azikwe kwa mumewe. Akiwa hai ndio shida."

Nilitazama hapo mahali. Palikuwa pamefyekwa vizuri.

Kesho yake nikampigia yule msichana nikiwa kazini, wapakiaji wakinisikiliza. Nikasema kwa kinywa changu kwamba dada yangu hana kwao. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kaka, si wewe uliyesema atapokelewa hata leo?"

"Ni mimi."

"Orodha zimeshapita. Nitaandika, lakini siahidi."

Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Hunijibu kwa upole uleule, na orodha ni ileile. Sina hata mtu wa kumkasirikia. Yeye aliandika nilichomwambia.

Juzi dada alituma ujumbe. Lori linakuja mwisho wa mwezi, na ameanza kufunga vyombo. Anauliza kama aje na kitanda chake, ama huko anakokuja kuna kingine. Bado sijamjibu.