Setla wa Managu

Wazungu walipokuja kulima kwetu, walijichukulia ekari elfu elfu bila kubisha hodi. Truphosa alipokuja kulima kwao, alijaza fomu akasubiri miaka minne. Akapewa kipande cha manispaa hapo Handsworth, Birmingham, mita kumi kwa ishirini, pamoja na miiba, chupa na godoro lililooza. Ndiye setla wetu wa kwanza, na hakumnyang'anya mtu hata jembe.

Alitua mjini humo mwaka 1974, mwanafunzi wa unesi, na mbegu za mboga ya managu za mamake, Kageha, ndani ya mkebe wa poda. Afisa wa uwanja wa ndege aliufungua, akanusa, akamkaribisha. Truphosa akaanza kupanda kwenye ndoo, dirishani pa hosteli. Mamake alipofariki, telegramu ilimfikia wiki mbili baada ya mazishi. Zikabaki mbegu.

Sisi tuliokuja nyuma tulikuta mboga tayari. Ah, Jumamosi zile! Shifti ikiisha, tulipanga foleni getini na mifuko ya plastiki, kila mtu akidai amepita tu kumjulia hali. Alitujua, wanafiki wakubwa.

"Hali yangu ni nzuri. Chuma pale, usikanyage pale."

Kiangazi kilichopita, kamati ya mashamba ikamwandikia barua: kipande kimejaa magugu, ayang'oe ndani ya siku kumi na nne au kichukuliwe. Kwa Mwingereza, managu ni gugu, tena la sumu. Miaka hamsini ya Kageha, iende kwenye pipa la taka!

Akamwendea jirani yake wa shamba, Harbhajan, fundi mstaafu mwenye kilemba, mzaliwa wa Kisumu.

"Wewe Kalasinga, mbona majani yako ya methi hayaitwi magugu?"

"Mama, tazama." Akamwonyesha vibao vidogo kwenye kila tuta. "Mzungu hang'oi kitu chenye kibao. Hata kaburi la mbwa wake lina kibao."

"Na vyako vinasema nini?"

"Mimi najua? Mjukuu aliandika. Miaka tisa hakuna barua."

Truphosa akakusanya vijiti vya aiskrimu vya wajukuu wake, akaandika kimoja kimoja, kwa mwandiko wa nesi: *Kageha, Maragoli, 1974.*

Siku ya kumi na nne akaja katibu wa kamati, Cheryl, faili kwapani, kalamu mkononi kama sindano. Akasoma kibao. Akasoma cha pili. Akainama.

"Kageha ni nani?"

"Mama yangu. Mbegu ni zake."

Cheryl akafunga kalamu. Akasema bibi yake pia aliacha mbegu za maharagwe, akina mama wa familia wakazitupa walipohamia Sutton Coldfield. Kisha akauliza yale majani hupikwa vipi.

"Kwa maziwa, na uvumilivu."

Jumamosi iliyofuata tulimkuta Cheryl kwenye foleni, na mfuko wa kitambaa, akisema amepita tu kumjulia hali.

"Hali yangu ni nzuri," Truphosa akamjibu. "Chuma pale. Na usimkanyage mama."