Mpishi wa Kunduchi anayesubiriwa Nkhotakota

Saa nne asubuhi, uani kwa Bi Khatun Remtulla, Kunduchi, mwiko mrefu kama kafi unazunguka ndani ya sufuria linalotosha kumwogeshea mtoto. Jamali Msosa ameushika kwa mikono miwili. Moshi wa kuni unamfuata kila anakosogea, naye ameshaacha kuukimbia.

Ndani ya sufuria kuna ngano na nyama ya mbuzi, vinasongwa mpaka visijuane. Wenye nyumba, Waislamu wa Shia wenye asili ya India, wanakiita haleem. Majirani wanakiita bokoboko, na hawagombanii jina almuradi sahani ifike.

Leo hakuna wageni. Muharram, mwezi ambao nyumba hii hulisha mtaa kwa siku kumi mfululizo, bado wiki mbili uanze. Jamali anamfundisha Mwamvita, jirani atakayeshika mwiko safari hii, kwa sababu yeye hatakuwepo.

"Kaka Jamali, mie mkono ushakufa ganzi," Mwamvita analalamika akipokea mwiko.

"Bado hujachoka. Ukianza kunilaani kimoyomoyo, jua ngano iko karibu kuiva."

"Nishaanza zamani."

Jamali, mwenye umri wa miaka 46, ni Mmalawi. Amepika katika nyumba hii kwa miaka 22. Mshahara wake sasa ni shilingi laki nne kwa mwezi, pamoja na chakula na chumba cha uani. Kunduchi nzima inamwita Mnyasa, na wanaojua jina lake la ukoo wanahesabika.

Kwenye mnada wa samaki, muuzaji mmoja aitwaye Badru hamruhusu apite bila kumtania. "Mnyasa, ziwa letu mnalitunza?" humuuliza. Jamali naye humjibu, "Tunalitunza, njoo na ndoo uchukue la kwako." Ugomvi wa mpaka wa ziwa hilo, ambalo Watanzania huliita Nyasa na Wamalawi huliita Malawi, serikali mbili zimeshindwa kuumaliza kwa miaka mingi. Hawa wawili huumaliza kila asubuhi, kisha wanaanza kuvutana bei ya changu.

Malawi haina bahari. Ni nchi nyembamba, ndefu, iliyolala kando ya ziwa kutoka mto Songwe, mpakani na Tanzania, ikishuka kusini hadi inapopakana na Msumbiji. Nyumbani kwa Jamali ni Nkhotakota, mji wa mpunga na samaki kwenye ufukwe wa magharibi. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa pwani yetu walifika huko, wakaweka himaya. Waliacha misikiti na majina kama Jamali. Walichukua watu, wakawavusha ziwa na kuwatembeza kwa miguu hadi Kilwa kuuzwa.

"Wazee wetu waliletwa pwani kwa minyororo," anasema Jamali. "Mie nimekuja kwa basi, tena nauli nimelipa mwenyewe. Sasa utamlaumu nani?"

Enzi za ukoloni, nchi ikiitwa Nyasaland, kodi ya kibanda iliwasukuma wanaume kwenda kutafuta fedha kwenye migodi ya kusini. Babu yake Jamali, mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Alikwenda Johannesburg, akatuma blanketi na salamu, halafu kimya. Kwa Kichewa mtu wa namna hiyo huitwa mchona, yaani aliyekwenda akapotelea huko. Hafanyiwi matanga kwa kuwa hajulikani kama amekufa, na kwenye mambo ya ukoo hahesabiwi tena.

Neno hilo ndilo linalomnyima Jamali usingizi.

Kwa Wachewa mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Binti akiposwa, mjomba ndiye nkhoswe wake, mlinzi wa ndoa. Siku ya sherehe upande wa mwanamume huleta jogoo, upande wa mwanamke huleta mtetea, na wajomba wa pande zote mbili hubadilishana kuku hao mbele ya watu. Kwao bila nkhoswe hiyo haijawa ndoa, hata pilau liwe limeshaliwa. Na kazi yake haiishi siku hiyo. Wanandoa wakigombana, kwake ndiko wanakokwenda.

Jamali ana dada mmoja, Asiyatu, mwenye mabinti wawili. Mkubwa, Zione, alipoolewa miaka sita iliyopita, Jamali hakwenda. Alituma fedha na kuzungumza kwa simu iliyowekwa sauti kubwa. Watu wa kwao, ambao hawaishiwi utani, wakampa cheo cha mjomba wa spika.

Utani uliisha Zione alipopigwa na mumewe. Alitoka usiku na mtoto mgongoni akaenda alikofundishwa kwenda, nyumbani kwa mjomba. Nyumba Jamali ameijenga, bati linang'aa, lakini ndani hakukuwa na mtu. Akampigia simu. Ilikuwa Muharram, Jamali yuko kwenye masufuria, simu iko chumbani.

"Nilikuta amepiga mara kumi na moja," anasema. "Nilipompigia, aliniambia, 'Mjomba, nimesharudi kwa mume wangu, lala salama.' Hajapokea simu yangu tena mpaka leo. Inauma, ndugu mwandishi. Inauma kuliko msiba, maana msiba watu wanakuja kukupa pole."

Sasa anaolewa mdogo, Tawina. Bwana harusi anafanya kazi Afrika Kusini na likizo yake ni fupi, kwa hiyo sherehe imeangukia ndani ya siku zile kumi za Muharram. Asiyatu alimpigia kaka yake na hakuzunguka mbuyu.

"Alisema, 'Usipokuja, mdogo wetu wa kiume atapokea jogoo. Na akishapokea, nkhoswe wa watoto wangu ni yeye. Wewe utakuwa kama babu,'" Jamali anasimulia.

Husain, mwanawe Bi Khatun, alijaribu kusaidia kwa akili za kisasa. Alipendekeza Jamali ahudhurie kwa video, na akajitolea kununua bando. Jamali alimshukuru sana, akakataa.

Bi Khatun, 78, hakupendekeza kitu. Tunamkuta sebuleni na tasbihi yake mkononi, na baada ya shikamoo tunamuuliza kama haogopi kumkosa mpishi siku za Muharram.

"Naogopa, kwa nini nisiogope?" anajibu. "Mtoto huyu anajua chumvi ya nyumba hii kuliko wakwe zangu. Lakini babu yangu alitoka Kachi, India, akamwambia mama yake anakuja Afrika miaka mitatu tu. Kaburi lake liko hapa Dar. Mama yake alikuwa akipika sahani yake kila sikukuu mpaka akafa. Sasa mie nimzuie Jamali kwa ajili ya haleem? Nitamjibu nini Mungu?"

Kisha akauliza kama Mwamvita amekumbuka kuloweka ngano usiku. Alikuwa amekumbuka.

Basi litaondoka Jumatatu, kupitia Mbeya hadi mpakani, kisha Karonga na Mzuzu, na kutoka hapo atashuka kwa barabara ya ziwani hadi Nkhotakota. Mtetea ameshanunuliwa na Asiyatu. Kilichobaki ni maneno, kwa sababu nkhoswe husimama na kujitambulisha mbele ya ukoo wa pili. Tunamwomba tusikie atasema nini.

Jamali ananawa mikono, anaifuta kwenye aproni, anasimama wima pale pale uani. Mwamvita anaacha kusonga.

"Ine ndine nkhoswe yake," anasema kwa Kichewa, halafu anageukia Kiswahili. "Mimi ndiye mlinzi wake. Likitokea neno, msimsumbue mama yake, msiende kwa majirani. Njooni kwangu."

Anakaa. Anachukua mwiko kwa Mwamvita, anausukuma mara mbili tatu.

"Sasa hapo lazima mtu aniulize, 'Kwako ni wapi?'" anasema. "Ndiyo maana tiketi nimekata ya kwenda tu. Bi Khatun nilimwambia yeye wa kwanza."