Taa Ndani ya Utumbo Wangu

Nimewahi kuuona utumbo wangu mwenyewe ukiwaka taa.

Sikuwa naota. Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho.

Kisangani, mwaka 2001, mji uko mikononi mwa waasi. Mimi Kavugho, muuza vitenge wa Kabondo, nilikuwa napata choo cheusi na damu inaniishia mwilini. Hakuna aliyejua inavujia wapi.

Kaka yangu mkubwa Télesphore, ninayemwita yaya, ndiye aliyejua, eti.

"Ni ule mama wa samaki! Amekupa karuho!"

Karuho ni sumu ya kutegewa. Mama wa samaki ni Emilie, rafiki yangu wa damu, muuza samaki kutoka kwa wavuvi wa maporomoko. Siku nilipoanza kuumwa tulikula sahani moja.

"Yaya, na yeye alikula!"

"Alitangulia kunywa dawa ya kuizuia. Nakwenda kuita basoda."

Mbishi yule! Akaondoka kuwafuata wanajeshi. Nikaingizwa chumba cha upasuaji na hofu mbili: nife mimi, au auawe Emilie.

Dawa ya kulaza mtu ilikuwa imekwisha, vita vile. Docta Hubert akanichoma sindano mgongoni. Chini nikafa ganzi, juu niko macho kabisa.

Wakanipasua. Wakaugeuza utumbo wote, hawakuona kitu.

"Bon, tupitishe endoskopi ndani."

Ni mpira mwembamba, mrefu, wenye taa nchani. Wakatoboa utumbo kidogo ili mpira uingie. Papo hapo jenereta ikakohoa, ikazima. Mafuta yameisha!

Tukangoja. Annette, muuguzi, alikuwa amekandamiza vitambaa tumboni mwangu huku anasali. Nilisikia baridi ya kufa, sikufichi.

Mara sauti mlangoni: "Essence imefika!"

Petroli ikatiwa, jenereta ikanguruma. Docta akasema, "Zima mataa yote ya chumba."

Giza. Juu yangu lile taa kubwa lililozimwa lilikuwa na ukingo unaong'aa kama sufuria mpya. Humo nikajiona: mwanga mwekundu unatembea ndani ya utumbo wangu, kama tochi uliyoifunika kwa kiganja.

Ukatembea. Ukasimama.

"Iko hapa! Kamushipa kadogo njo kamepasuka. Mama, hakuna karuho humu."

Nililia kwa sauti. "Mutume mutu kwa yaya! Amuache Emilie!"

Annette akatoka mbio. Alimkuta Télesphore getini, peke yake, ametulia kabisa.

"Basoda bamemubeba. Hata hatukumutafuta mbali, alikuwa amekaa hapa."

Mlinzi wa geti akamtazama.

"Papa, ule mama njo alileta bidon ya essence. Alikuwa anangoja kusikia kama rafiki yake amepona."

Aliposikia habari ya lile dumu la petroli, Télesphore alikwenda kumwomba kila mkubwa wa jeshi amwachie. Emilie hajaonekana mpaka leo.

Wewe unayesoma, mtu wenu akiugua, mpelekeni hospitali kabla hamjataja jina la mtu. Mshipa wangu ulishonwa siku ileile.

Nikipika samaki, sahani ya Emilie naiweka mezani. Télesphore akija kula, anaikuta hapo.