Saa Tatu Hadi Pwani

Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa katika hospitali ya Tabora, kazi ya kufunga vidonda na kusindikiza wagonjwa. Nilipanga chumba Chemchem, sina ndugu karibu. Mwaka mmoja, mtama ukivunwa, daktari alipata nafasi mbili kwenye ndege ya Dar es Salaam kwa ajili ya mzee mmoja mkulima wa Itetemia aliyehitaji kupasuliwa tumbo. Nikaambiwa nimpeleke.

Mzee alitaka nimuulize rubani kama ni mbali. Rubani akajibu: maili mia nne na ushei, saa tatu hivi. Mzee akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipotua.

Siku ya tatu akafariki. Tukamzika huko huko, mimi, katekista asiyemjua na wachimba kaburi wawili. Nikarudi kwa treni.

Wiki mbili hazijatimia, nikawa mlangoni kwa mkewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee umemwacha wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Amefia wapi, unasema?"

"Pwani, mama. Dar es Salaam."

Akasimama. "Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu. Aliondoka mavuno kwenda Pwani, akarudi mavuno mengine, mabega yote sugu. Wewe juzi tu ulikuwa hapa ukimchukua mume wangu. Pwani umefika saa ngapi?"

"Tulipanda ndege, mama."

"Ile inayopita juu ya shamba? Mle hata mbuzi haingii."

Mchungaji alikuja kumsomea barua ya hospitali. Mama akasema barua huandikwa na mkono wa mtu. Hakulia. Kila jioni aliuweka kando ugali wa mumewe.

Nilimtembelea Jumapili baada ya ibada. Alinipa maji na kigoda, basi. Majirani walinyamaza nikipita, maana nilikuwa yule aliyempoteza mzee wa watu. Hospitalini wenzangu walikicheka kisa hicho, nami nikaacha kukisimulia. Kuna siku nilijiuliza kama kweli nilifika, kwa kuwa hata bahari sikuiona.

Mavuno ya mwaka uliofuata, jirani yake akanifuata kazini kuniambia naitwa. Nilimkuta mama amenyoa nywele, watu wamekaa matanga. Akaja kunipokea uani kama mtu aliyeingia sasa hivi.

"Pole na safari, mwanangu. Sasa umefika. Niambie."

Nikasimulia upya mbele ya watu wote, tangu rubani hadi kaburi. Akauliza udongo wa huko ukoje. Nikasema ni mchanga mtupu. Hapo ndipo alipolia, na wanawake wakalia naye.

Alipotulia aliniuliza, "Nani alimlilia huko?"

Sikuweza kumdanganya.

"Hakuna, mama. Hata mimi sikulia."

Akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi nikae.